Hapa hakuna wa kukupakatia mtoto

Jana nimetoka kwenye basi hapa Hamburg, Ujerumani, machozi yako karibu na sio mwanangu aliyeniliza. Nilikuwa natoka kumchukua nasari, yeye ana miaka 2 na nusu sasa, tumekaa zetu vizuri. Kituo cha pili akapanda mama mmoja kijana, kigari cha mtoto kimejaa vitu vya dukani, kitoto kama cha miezi 5 kiko begani chalia, na mfuko ukapasuka pale pale mlangoni, machungwa yakabingirika mpaka kwa dereva. Mimi bila kufikiri nikanyoosha mikono yote miwili. Wala sikutamka neno, manake kwetu Mombasa ukimnyooshea mama mikono namna hiyo hahitaji kuambiwa. Yule mama akamkumbatia mwanawe, akarudi nyuma hatua moja, akanitazama kama mtu aliyetaka kumpokonya. Halafu akasema asante, hapana, asante, kwa adabu kabisa, akapiga magoti na mtoto kwenye mkono mmoja akaanza kuokota. Na watu basi zima wakainuka kumsaidia kuokota machungwa. Machungwa yalipata wa kuyashika, mtoto hakupata.

Nikairudisha mikono yangu mapajani na tangu hapo nina neno moja tu kichwani, kupakata.

Nyinyi siwaelezi. Umepanda matatu ya Kisauni saa saba mchana, leso yateleza, mkoba begani, mtoto jasho limemtoka, na kabla hujapata pa kukaa kuna mama hujawahi kumuona maishani mwako ashakwambia "leta mwana nikupakatie", na mwana ashaenda. Hakuulizi jina, wala watoka wapi. Mkikaa kwenye foleni ya Kongowea ampepea na kipande cha gazeti, mkifika Buxton mtoto ashalala kifuani kwake na wewe umepata angalau kupumua na kuhesabu chenji yako. Mwashuka, ahsante mama, basi, hamtaonana tena. Mamangu hutuhadithia siku moja tukienda kwa nyanya Likoni, mimi mgongoni, dadangu mkononi, na mzigo wa nazi juu, watu wanasukumana kuingia feri, mtu mmoja akamnyanyua dadangu akaenda naye mbele. Umati ukawatenganisha. Kufika ng'ambo yule mtu amesimama pembeni kwenye mteremko na dadangu begani, yuwangoja tu, akamkabidhi, akenda zake. Mama huihadithia hiyo bila mshangao wowote. Kinachomkaa yeye ni zile nazi, manake mbili zilianguka baharini.

Sasa najua kuna atakayeniambia, kama kwetu kuzuri hivyo si urudi basi, nani amekufunga Hamburg. Na mwengine ataniambia kinyume, kwamba nimekaa Ulaya miaka sita nshaanza kuwachambua watu wa nyumbani. Nyote wawili nawasikia. Ngojeni kwanza.

Mimi siwezi kuikashifu nchi hii kwa mambo ya watoto, nitakuwa mwongo. Nilipojifungua mkunga alikuja mpaka nyumbani kwangu, na siku 10 za mwanzo ana haki ya kuja kila siku na bima ndiyo yalipa, akampima mtoto kwa mzani wa kuning'iniza pale pale sebuleni, akanionyesha namna ya kunyonyesha bila kuniumiza. Mwaka 2025 kila mtoto alikuwa na euro 255 kwa mwezi kutoka serikalini, hakuna kujuana na mtu. Mume wangu alichukua likizo ya uzazi miezi miwili na hakuna aliyemcheka kazini. Mtoto akiugua, mwaka huo wa 2025 kila mzazi alikuwa na siku 15 za kukaa naye nyumbani na hela zaingia. Nasari hapa Hamburg masaa 5 kwa siku ni bure na chakula cha mchana. Na basi lenyewe, walahi, ukifika kituoni na kigari dereva hulilaza upande mmoja lishuke mpaka usawa wa njia, wewe wasukuma tu. Mara ya kwanza kuona basi linainama kwa ajili ya mtoto nilisimama nikatazama mpaka dereva akaniuliza kama naingia. Nikafikiria dadangu ajaribu kusukuma kigari Mwembe Tayari saa kumi na moja jioni. Hayo yote nayajua na nayashukuru.

Lakini serikali haipakati mtoto.

Nianze na uzazi. Arubaini yangu niliikaa ghorofa ya nne, mwezi wa Aprili, baridi bado ipo. Kwetu mzazi hashiki hata kikombe, kuna wa kukukanda, kuna wa kupika uji wa pilipili manga, kuna wa kumuogesha mtoto na kumnyoosha viungo, wewe kazi yako ni kunyonyesha na kulala. Mimi nilikandwa na mume wangu. Mamangu yuko kwenye vidio kutoka Kisauni, simu imeegemezwa kwenye kopo la maziwa, na kwa kuwa ni mkwewe amejifunika leso uso mzima asitazame, aelekeza kwa sauti tu, maji yawe ya moto kiasi gani, taulo ikamuliwe vipi, aanzie wapi ashuke wapi. Yule mume masikini jasho lamtoka kwa aibu na mvuke. Tumbo akanifunga leso ikafunguka mara tatu. Mkunga akatukuta hivyo, akasimama mlangoni kimya, kisha akaniuliza kama naweza kumfundisha ile ya kufunga tumbo. Nilijivuna siku hiyo. Na usiku mume aliporudi zamu yake nikalia, manake maji ya moto nilipata, uji nilipata, ila mikono ya mamangu ilikuwa ndani ya simu.

Na usiku mwengine ndio siusahau, Februari iliyopita. Mtoto homa 39 na nusu, mume yuko ghala la bandarini zamu ya usiku, nje giza tangu saa kumi na moja. Nikapiga 116117, hiyo ni namba ya daktari wa usiku, wakanisikiliza vizuri bila haraka, wakaniambia dawa kiasi gani na nikiona dalili gani niite ambulensi. Dawa nilikuwa nayo, pesa nilikuwa nayo, nyumba ina joto. Kilichonishinda ni kidogo sana hata naona haya kukisema. Nilitaka kuswali isha. Nikimlaza analia mpaka anapaliwa, nikimnyanyua anatulia. Nilitaka mtu wa kumshika dakika kumi tu. Sio daktari, mtu yeyote mwenye mapaja. Nimekaa pale naita majina kichwani, kama ningekuwa nyumbani ningegonga ukuta tu, mama wa jirani angekuja na khanga yake kifuani na usingizi machoni, "leta hapa wewe, kaswali". Hapa ghorofa yetu ina milango minane na sijawahi kugonga hata mmoja usiku. Niliswali naye begani, kurukuu yaniuma mgongo, kusujudu nimemlaza mbele yangu analia mpaka nikainuka.

Asubuhi nafungua mlango nakuta mfuko umening'inizwa kwenye kitasa. Ndani supu ya moto kwenye kopo, na karatasi ya bibi wa chini yetu, mzee wa kama miaka 80, ameandika amemsikia mtoto usiku, tupone haraka, na supu haina nyama. Alifikiria mpaka nyama. Mtu akiniambia kwamba watu hawa hawana roho, mimi sitakubali. Ila jamani, alisikia usiku kucha na mimi nilikuwa macho usiku kucha, na kati yetu kulikuwa na ngazi kumi na nane. Angegonga tu.

Nilimuuliza mwenzangu kazini kuhusu yule mama wa machungwa. Akaniambia hata yeye angerudi nyuma, sio kwa ubaya, ila mtoto sio kitu cha kumpa mtu usiyemjua, na akaniuliza, je ukikimbia naye? Nikataka kucheka halafu nikakosa la kumjibu, kwa sababu na kwetu siku hizi twasikia watoto kuibwa, na mama zetu washaanza kutuonya. Lile swali bado lanisumbua.

Halafu msidhani nikienda nyumbani naogelea peponi. Nilikwenda Desemba mtoto akiwa na miezi 8. Siku ya kwanza sikumuona mwanangu tangu adhuhuri mpaka magharibi, alikuwa anapita nyumba hadi nyumba, baraza hadi baraza, na mimi nililala masaa manne mchana, usingizi ambao sikuupata tangu nizae. Siku ya pili furaha ikaanza kupungua, manake ile mikono ina midomo. Mbona amekonda. Mbona hana wanja. Mbona wamvalisha soksi, mbona humvalishi soksi. Mmoja amempa soda kwa kijiko. Mwengine anakohoa kifua kizima na ndiye anayembusu mdomoni. Shangazi yangu nimemkuta amemlambisha asali kidoleni nikampokonya mtoto mbele za watu, na ugomvi wake mpaka leo haujaisha, "nyote nyinyi mlilambishwa na hapana aliyekufa, leo ndio watufundisha kulea?" Shangazi, najua hukukusudia ubaya. Lakini asali chini ya mwaka mmoja huweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli ya mtoto mpaka pumzi, na hilo sio la Wajerumani, muulize nesi yeyote. Kwani nikisema ukweli niliousoma Hamburg umekuwa uzungu? Kama ningeusoma Majengo ungekuwa nini?

Na makanga wa matatu. Nimelipa viti viwili kwa hela yangu, mtoto nimemkalisha kando nikimshika, ashaniambia "mpakate mtoto mama, hicho kiti cha watu". Mwanangu sio watu? Nimelipa! Abiria wote wananitazama mimi kama ndiye mwenye makosa. Kiti cha gari nilichobeba kutoka Hamburg, ambako sheria yataka mtoto akae kwenye kiti chake mpaka miaka 12 au afike sentimita 150, kilikaa chini ya kitanda wiki sita zote, kwani tuktuk utakifunga wapi. Nikampakata barabara ya Malindi magari yapita kwa kasi huku nimefumba macho nasoma kila dua ninayoijua. Kwa hivyo lile lile neno ninalolililia huku, kule lilinitia hofu. Mapaja yangu sio mkanda.

Dadangu ndiye mkali zaidi ya wote. Yeye amepanga Bamburi, ana wawili, na akinisikia naongea hivi hunikatiza. Aniambia mikono ninayoihadithia ni ya enzi za mama, yeye alipewa miezi mitatu ya likizo, mumewe wiki mbili, ikaisha akarudi kazini na mtoto akabaki na msichana wa kazi wa miaka 19 anayebadilika kila baada ya Idi. Ploti yake ina wapangaji kumi na mbili na anawajua watatu. Aniambia, "wewe waja Desemba, watu wako likizo, kila mtu ana nafasi ya kukushikia mwana. Njoo Machi." Huo ni ukweli na umeniuma. Lakini dada, hata wewe, juzi ulinitumia sauti yako kwenye simu uko sokoni, nikasikia mtu nyuma asema "huyu nipe mimi wewe chagua nyanya zako", na ukampa, hukusita hata sekunde, wala hukujua kama umefanya jambo. Mimi nikairudia sauti ile mara nne.

Hicho ndicho nazungumzia. Sio kwamba Mombasa watu wote ni malaika na huku ni mawe. Mara moja tu katika miaka hii mtu wa hapa amenipokea mwanangu, nyanya mmoja Mturuki hapa hapa mtaa wa Wilhelmsburg, nilikuwa nahangaika kukunja kigari, akanyoosha mikono vile vile kama ningenyoosha mimi, akasema mashallah, akampakata vituo sita akimuimbia Kituruki. Hatukuwa na lugha. Niliposhuka miguu ilikuwa inanitetemeka.

Sasa nina mimba ya pili, miezi mitano. Safari hii nimesema hapana, simu haitanikanda, nimemuandikia mama mwaliko, nimetia sahihi kwamba gharama zake zote ni juu yangu, viza ikitoka ni siku 90 na arubaini yaingia humo na kubaki. Mama hajaniuliza habari za baridi wala za ndege. Ameniuliza mambo mawili. La kwanza, huko pilipili manga yapatikana ama abebe ya kutoka Kongowea. La pili, akiwa kwenye basi akaona mtu amelemewa na mwana, amnyooshee mikono ama atazame dirishani. La pilipili nimemjibu abebe. Hilo jengine bado.