Majuto Yasiyo na Mtenda

Viongozi wa mataifa yanayotumia Kiingereza wanapolazimika kuzungumzia maovu yaliyofanywa na serikali zao, mara nyingi hueleza mambo matatu: waliamini nini wakati ule, walitambua lini kwamba mambo hayakuwa kama walivyodhani, na wanajisikiaje sasa. Nimezisoma hotuba za namna hiyo kwa makini, nami naona kwamba mambo hayo matatu, hata yakisemwa kwa unyofu, humhusu msemaji kuliko tendo lenyewe. Sisi wasikilizaji, hasa katika nchi zilizotendewa maovu hayo, tumekuwa wepesi mno kuyapokea kana kwamba ni kukiri kosa.

Tuchukue kwanza suala la kuamini. Mwezi Septemba 2002 serikali ya Uingereza ilichapisha waraka kuhusu silaha za Iraq, na katika dibaji yake Waziri Mkuu Tony Blair aliandika kwamba anaamini taarifa za kijasusi zimethibitisha pasipo shaka kuwa Saddam Hussein anaendelea kutengeneza silaha za kemikali na za kibiolojia. Imani na uhakika vilikaa ndani ya sentensi moja. Kabla ya vita wananchi walionyeshwa uhakika. Silaha zilipokosekana, kilichobaki ni imani. Mwaka 2004, mbele ya mkutano wa chama chake, Blair alisema anaweza kuomba radhi kwa taarifa zilizokuja kuonekana si sahihi, lakini si kwa kumwondoa Saddam, kana kwamba taarifa ndizo zilizowaamuru wanajeshi kuvuka mpaka. Ripoti ya Sir John Chilcot, aliyeongoza uchunguzi rasmi wa Uingereza kuhusu vita vya Iraq, ilipotoka Julai 2016, ikieleza kwamba tishio la Iraq lilitangazwa kwa uhakika usiostahili, Blair alitamka huzuni na majuto mazito, akaomba na radhi, kisha akashikilia kuwa alitenda kwa nia njema na kwamba, akiwa na taarifa zilezile, angeamua vilevile. Msemaji wa namna hii ni vigumu kumhoji, kwa sababu amelihamisha shauri kutoka kwenye uamuzi wake, ambao una tarehe na sahihi, akalipeleka moyoni mwake, mahali ambapo shahidi ni yeye peke yake.

Kutambua kuna hila yake pia, na mfano ninaourejea daima ni wa Kigali. Tarehe 25 Machi 1998 Rais Bill Clinton wa Marekani alizungumza na manusura kwenye uwanja wa ndege, akasema kwamba duniani kote walikuwapo watu kama yeye waliokaa maofisini siku baada ya siku bila kuelewa kikamilifu kina na kasi ya maafa yaliyokuwa yakiwameza Wanyarwanda. Hotuba ile ilikuwa na ujasiri wake, na si haki kuudharau: aliyaita mauaji yale mauaji ya kimbari, jina ambalo serikali yake ilikuwa imelikwepa mwaka 1994. Hata hivyo, karatasi ya majadiliano iliyoandikwa katika Wizara ya Ulinzi ya Marekani tarehe 1 Mei 1994, ambayo baadaye ilitolewa hadharani, ilitahadharisha kuhusu jina hilohilo, kwa hoja kwamba kukubali kuwa ni mauaji ya kimbari kungeweza kuibana serikali ifanye jambo. Maofisa wanaoliogopa jina kwa sababu ya wajibu unaofuatana nalo hawawezi kusemwa kwamba hawakutambua. Siku 10 kabla ya karatasi hiyo, Marekani ilikuwa imepiga kura katika Baraza la Usalama kukipunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda hadi takriban watu 270. Kura ni tendo, na tendo hilo lilistahili kutajwa pale uwanjani kabla ya habari za uelewa wa mtu yeyote.

Lakini mahali ambapo jambo hili linatugusa zaidi ni Kenya. Mwezi Oktoba 2012 jaji mmoja wa London aliruhusu madai ya wazee watatu walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau yasikilizwe, na miezi 8 baadaye, tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni kutangaza kwamba serikali imeafikiana na wadai 5,228, kwa jumla ya pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Alisema serikali inasikitika kwa dhati kwamba unyanyasaji huo ulitokea na kwamba uliitia dosari safari ya Kenya kuelekea uhuru. Ulitokea, kama vile mvua hunyesha. Ni kweli kwamba katika hotuba hiyohiyo alikiri kuwa Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni. Lakini papo hapo akaendelea kukana kwamba serikali ya leo inawajibika kisheria kwa matendo ya utawala huo, na hivyo mtesaji akaachwa bila mwenyewe. Miongoni mwa waliolengwa na maneno hayo walikuwapo watu wenye makovu mwilini.

Linganisha na mwaka 1957, wakati Mwanasheria Mkuu wa koloni la Kenya, Eric Griffith-Jones, alipomwandikia Gavana Evelyn Baring kwamba ikiwa tutatenda dhambi, basi na tuitende kimyakimya. Mtenda alikuwamo katika sentensi wakati wa kupanga. Alitoweka wakati wa kujuta.

Wapo watakaosema kwamba viongozi hufungwa mikono na wanasheria, na hoja hiyo ina uzito wake. Sheria ya California iliyopitishwa mwaka 2000 inamlinda mtu anayemwonea huruma aliyeumia, ili maneno yake yasitumiwe dhidi yake mahakamani, lakini haimlindi anayesema kwamba kosa ni lake. Kwa maneno mengine, sheria yenyewe inawafundisha watu kusikitika bila kukiri. Hata hivyo jimbo la British Columbia nchini Kanada lilitunga mwaka 2006 sheria inayomlinda hata anayekiri, kwa hiyo woga huo si wa lazima.

Wala tusiitupie lawama lugha ya Kiingereza. Nchini Australia, mwaka 1999, Waziri Mkuu John Howard alikubali bunge litamke majuto juu ya dhuluma walizopata wenyeji wa asili, akakataa kuomba radhi. Tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd, kwa lugha ileile na katika bunge lilelile, aliomba radhi kwa sheria na sera za mabunge na serikali zilizofuatana, zikiwemo zile zilizowatenga watoto na wazazi wao. Waziri Mkuu wa Uingereza David Cameron naye, tarehe 15 Juni 2010, alisema kwamba mauaji ya raia waliopigwa risasi na wanajeshi wa Uingereza mjini Derry, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1972 hayakuwa na sababu wala hayawezi kutetewa, kwamba baadhi ya wanajeshi walitenda vibaya, na kwamba serikali ndiyo yenye dhamana ya mwisho juu ya mwenendo wa majeshi yake. Familia zilizokuwa zimesubiri kwa miaka 38 zililipuka kwa shangwe uwanjani Derry, na naelewa kwa nini: zilisikia nani alifanya nini.

Kenya bado haijasikia maneno ya namna hiyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya London iliyatupilia mbali madai mengine ya Wakenya zaidi ya 40,000, kwa hoja kwamba muda mrefu mno ulikuwa umepita. Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles, katika dhifa ya kitaifa jijini Nairobi, alisema kwamba maovu ya zamani yanamletea huzuni kuu na majuto makubwa, na kwamba ukatili uliotendwa dhidi ya Wakenya hauna udhuru. Ni maneno mazito kuliko ya Hague, nami nayaheshimu. Ila sentensi iliyopaswa kuyafuata, yenye kuitaja serikali iliyoamuru na kueleza inadaiwa nini na walionyimwa kesi mwaka 2018, haikusemwa.