Impakti ya fundi wa Nyanda za Juu: voti 12 au voti 18?

Kijana anayejifunza ufundi kwangu ametimiza mwaka, na wiki mbili zilizopita alinijia na hela aliyoiweka kidogo kidogo tangu msimu uliopita wa kupaua. "Shikamoo fundi. Nataka impakti yangu mwenyewe. Nichukue ile ndogo ya voti 12 au ile fupi ya voti 18?" Nikaitikia marahaba, nikamwomba siku mbili. Fundi anayeanza akikosea mashine ya kwanza hana ya pili ya kumwokoa, na hela iliyopotea hapo ni nauli, ni chakula, ni kodi ya chumba. Niliyomjibu ni haya, pamoja na hoja za upande wa pili, kwa sababu wapo mafundi ninaowaheshimu hapa Mbeya ambao jibu langu hawalikubali.

Tukubaliane kwanza ni mashine gani. Ukiingia dukani ukasema "impakti" tu, unaweza kupewa drili ya kugonga ya kutobolea ukuta, au spana ya umeme yenye mdomo wa mraba wa nusu inchi ya kufungulia nati za magari. Ninayoizungumzia ni ya kufunga skrubu, yenye mdomo wa pembe sita wa robo inchi, yaani milimita 6.35, biti unaichomeka na inashika papo hapo. Haitoboi zege, na nati za lori la mizigo linalokwenda Tunduma haiziwezi.

Ndani yake mna nyundo na fuawe, kama kwa mhunzi, ila zote mbili zinazunguka. Skrubu ikiwa nyepesi, mota inaizungusha tu kama drili yoyote. Ikianza kukataa, nyundo inarudi nyuma ikikandamiza springi, inavuka jino la fuawe, halafu springi inaisukuma mbele na inaligonga jino linalofuata kwa ubavu. Hiyo ndiyo sauti ya "ta-ta-ta" unayoisikia, mapigo zaidi ya 3,000 kwa dakika. Pigo linaishia kwenye skrubu, halirudi kwenye kifundo cha mkono wako. Aliyewahi kusimama juu ya ngazi na drili ya kawaida, skrubu ikakwama ghafla, mkono ukasokotwa kama nguo inayokamuliwa, anajua ninachosema.

Kwa sababu hiyo watetezi wa voti 12 wana hoja nzito. Kama mkono haubebi mzigo wa kukaza, kwa nini ubebe mashine nzito? Fundi mwenzangu anayefanya dari za jipsamu maeneo ya Forest Mpya na Uyole ana impakti ya voti 12 na haibadilishi kwa lolote. Yeye anashinda uso juu, mkono juu, kutwa nzima, skrubu za inchi moja kwenye chaneli. Mashine yake na betri haizidi sana kilo moja. Ukiwa na ya voti 18 iliyovaa betri kubwa unakaribia kilo moja na nusu. Tofauti hiyo ukiisoma kwenye boksi unaona ndogo, lakini saa nane mchana bega linaijua. Na skrubu ya jipsamu haihitaji nguvu hata kidogo. Ukiwa na nguvu nyingi ndiyo unaharibu, kichwa kinapasua karatasi ya bodi, na skrubu iliyopasua karatasi haijashika kitu. Makabati ya jikoni vivyo hivyo. Bawaba na reli za droo zinataka mashine inayoingia kwenye kona na kidole kinachojua kuachia.

Lakini hapo kwenye kona kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Zamani ilikuwa wazi kwamba voti 12 ndiyo fupi. Siku hizi siyo hivyo. Nachukua Makita kama mfano kwa kuwa mafundi wengi wanaifahamu: TD111D ya voti 12 ina urefu wa milimita 135 na inakaza hadi Nm 135 (niutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). DTD153 ya voti 18 ina milimita 126 na inafika Nm 170. Ya voti 18 ndiyo fupi kichwani. Kilichobaki kuwa kikubwa ni betri, iliyo chini ya mpini, na uzito. Kwa hiyo anayekwambia "chukua ya 12 iingie kwenye kona" mwambie muipime kwa futi kwanza.

Na hizo voti zenyewe zielewe. Seli moja ya lithiamu ina wastani wa voti 3.6, ikijaa inafika 4.2. Betri inayoitwa voti 12 ina seli tatu kwa mfululizo, yaani 10.8 halisi. Inayoitwa voti 20 na inayoitwa voti 18 ni kitu kimoja, seli tano, isipokuwa mmoja amepima betri imetoka tu kwenye chaja. Ukikuta mashine imeandikwa 21V ni hizo hizo tano zikiwa zimejaa pomoni. Zile zenye 48VF au 88VF, hiyo si hesabu ya voti hata kidogo.

Sasa twende juu ya paa, kwa sababu kazi ya huku kwetu kwa sehemu kubwa ni paa. Mbao zetu nyingi ni mipaini ya Sao Hill kule Mufindi na mashamba ya Njombe, na mpaini ukiwa mbichi unapokea skrubu bila ubishi. Kwenye mpaini, impakti ya voti 12 inapiga bati sawasawa, sitasema uongo. Shida inaanza ukikutana na mkaratusi uliokauka, na wateja wengi siku hizi wanaleta mikaratusi ya shambani kwao. Hapo skrubu ya inchi tatu ikifika katikati, mashine ndogo inagonga na kugonga, skrubu inasogea robo mzunguko, kichwa kinaanza kuliwa, mota inapata moto hadi unausikia kwa harufu. Unaweza kutoboa tundu kwanza, ndiyo, na kwenye mkaratusi nashauri utoboe hata ukiwa na mashine kubwa. Ila juu ya kenchi, mguu mmoja kwenye papi, kubadilisha biti kila skrubu ni kazi mbili kwa malipo ya moja.

Hata hivyo nguvu ina madhara yake, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo nilipoumia. Skrubu ya bati ina washa ya chuma, na chini yake raba nyeusi. Ukikaza vizuri, raba inatokeza kidogo tu pembeni ya washa, sawa pande zote, na ukiigusa ina unene bado. Ukipitiliza, raba inatoka nje yote kama ubuyu uliotafunwa, inachanika upande mmoja, na bati lenyewe linabonyea likafanya kisahani. Kisahani kinakusanya maji juu ya tundu. Niliwahi kupiga bati za nyumba moja Tukuyu kwa mashine mpya ya voti 18, kidole kimebana hadi mwisho kwa furaha ya kasi. Mvua ya Tukuyu mnaijua. Ndani ya wiki tatu mama mwenye nyumba alinipigia, kwa upole kabisa, akaniambia ameweka sufuria nne sebuleni. Nilirudi nikabadilisha skrubu za upande mzima kwa hela yangu.

Mwenye voti 12 atasema: unaona? Yangu isingefanya hivyo. Ni kweli inachelewa kidogo kuharibu, inakupa nafasi ya kuachia. Ila bati jembamba la geji 30 juu ya mpaini laini unaweza kulibonyeza hata kwa ile ndogo. Kinachookoa raba ni kidole, na hatua za nguvu kwenye mashine yenyewe. Kwa hiyo ukinunua ya voti 18 kwa kazi ya bati, tafuta yenye kitufe cha kupunguza nguvu, hatua mbili au tatu. Hiki kitufe kwangu kina thamani kuliko Nm 20 za nyongeza. Nm ya kwenye boksi ni kilele. Ni mara chache sana kazi zetu zikaihitaji.

Halafu kuna umeme, na hili ndilo lililoamua. Nyumba tunazopaua mara nyingi hazina Luku bado. Zipo Mbalizi ndani ndani, zipo Isyesye, zipo vijijini Rungwe, na betri unaichaji jioni nyumbani au unaomba kwa jirani. Siku yako ina urefu wa betri zako. Hesabu yake ni rahisi: zidisha voti halisi kwa Ah (ampea-saa, kipimo cha chaji kilichoandikwa kwenye betri). Betri ya 10.8 yenye Ah 2 inabeba watisaa 21.6. Ya 18 yenye Ah 2 inabeba 36. Ya 18 yenye Ah 5 inabeba 90. Betri mbili ndogo za voti 18 zinakupa 72 kwa uzito ambao mkono unauvumilia, kwa sababu unavaa moja, nyingine iko kwenye mkoba. Ili upate hiyo kwa zile za voti 12 zenye Ah 2 unahitaji betri tatu na ushee. Na betri ndiyo inayokula hela.

Tena betri ya voti 18 haiishii kwenye impakti. Kesho utataka grenda ya kukatia bati, keshokutwa msumeno wa mviringo, na za voti 18 za kampuni hiyo hiyo na mfumo huo huo zitavaa betri uliyonayo. Familia ya voti 12 nayo ina mashine zake, nyingi tu, ila grenda ya kufanyia kazi ya paa hutaifurahia huko. Betri za familia hizi mbili hazivaliani. Ukianza na 12 ukahamia 18 baadaye, unalea nyumba mbili.

Kuhusu baridi ya Juni: baadhi ya chaja zinataka betri ichajiwe kati ya nyuzi joto 10 na 40, na alfajiri za Makete na Uporoto zinashuka chini ya hapo bila kuuliza. Betri iliyolala kwenye buti la gari au stoo ya mabati, usiichomeke asubuhi hiyo hiyo. Iache ndani ipate joto. Kuichaji seli ya lithiamu ikiwa chini ya sifuri kunaiua taratibu, na huwezi kuifufua.

Kwa wanaotaka bei ya chini, sisemi msinunue. Mashine ya bei nafuu yenye mota ya kaboni, vile vipande vinavyosuguana ndani kupeleka umeme kwenye mota, ina faida moja ya kweli: kaboni zikiisha unabadilisha mwenyewe kwa bisibisi. Mota isiyo na kaboni inapata moto kidogo na inatumia chaji vizuri zaidi, lakini bodi yake ikiungua ujue unanunua bodi nzima. Mimi bado nachagua isiyo na kaboni, kwa sababu ya ile hesabu ya chaji. Kinachonitia uchungu ni betri za uongo. Betri halisi ya voti 18 yenye Ah 5 kwa kawaida ina seli kumi ndani, za aina ya 18650, kila moja gramu 45 hivi. Seli peke yake ni kama gramu 450, bado ganda na bodi. Ukipewa betri imeandikwa Ah 6, ukaiweka kwenye mizani ya muuza vitunguu ikasoma gramu 350, ndani mna seli tano na maandishi. Mizani haihongeki.

Kwa hiyo nilimwambia hivi. Kama ungekuwa fundi wa jipsamu au wa makabati tu, ningekupeleka mwenyewe ukachukue voti 12, na hata mimi nitaitafuta siku moja iwe ya pili. Lakini wewe leo unapaua, kesho unafunga milango, keshokutwa unaitwa Chunya kwa kazi usiyoijua, na una hela ya mashine moja. Chukua ya voti 18 iliyo fupi, yenye hatua za nguvu, na betri mbili za Ah 2. Ile ya Ah 5 iache, utainunua na grenda. Nunua na soketi ya milimita 8 yenye sumaku iliyotengenezwa kwa impakti, zile za kawaida zinapasuka. Na vizibo vya masikio, maana sauti yake inapita desibeli 90 na chumba kisicho na plasta kinaizidisha.

Jumamosi tulikwenda wote Mwanjelwa. Alibeba kipande cha mkaratusi mkavu na skrubu sita za inchi tatu. Muuzaji alituruhusu kujaribu nje ya duka. Tatu za kwanza alizifunga kwa hatua ya chini, tatu kwa ya juu, halafu akaweka kiganja kwenye mota akanyamaza akisikiliza joto. Akalipa. Usiku ule alinitumia picha: betri zote mbili ziko ndani, juu ya kabati, zimefunikwa kwa kitenge cha mama yake.