Jedwali Safi Kupita Kiasi

Kuna jedwali ambalo kila msahihishaji wa praktikali ya kemia amewahi kukutana nalo. Taitresheni ni kudondosha myeyusho kutoka bureti, mrija wenye vipimo vya sentimita za ujazo, hadi rangi ibadilike. Ya kwanza: bureti imeanza 0.00, imeishia 24.50. Ya pili, 0.00 hadi 24.50. Ya tatu, hivyo hivyo. Kwa mtu mmoja mwenye mkono mtulivu, inawezekana. Ikitokea kwa benchi zima, data imepikwa, na aliyeipika mara nyingi humzidi alama mwenzake aliyepata 24.30, 24.75 na 24.60 kwa jasho lake.

Lawama huwaangukia wanafunzi kwanza, kisha walimu wao. Mimi ningeanza na mgawanyo wa alama, maana ndiko mwanafunzi anakojifunza tunataka nini hasa kwake.

Tuwape haki yao waliouunda mfumo. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari wa Kenya, karatasi ya tatu ya kemia, ile ya vitendo, ina alama 40, na kwenye taitresheni jibu la mtahiniwa halilinganishwi na namba moja ya nchi nzima. Hulinganishwa na thamani ya shule: mwalimu hufanya jaribio lilelile kwa kemikali zilezile, na mtahiniwa aliyekaribia kwa 0.1 hupata alama kamili ya usahihi, aliyekaribia kwa 0.2 nusu yake. Ni utaratibu wenye akili. Sodiamu haidroksaidi hufyonza unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani hata ikiwa bado juu ya mizani. Asidi ya haidrokloriki iliyokolea, chupa yake ikifunguliwa na kufungwa mwaka mzima, hupoteza nguvu. Shule mbili zenye maelekezo yaleyale zinaweza kuwa na myeyusho tofauti kabisa, na haingekuwa haki mtoto wa Turkana aadhibiwe kwa chupa ya zamani.

Tatizo ni kwamba thamani hiyo inakaa kwa mwalimu. Ikinong'onwa, kazi imekwisha. Isiponong'onwa, bado mwanafunzi mjanja anaweza kuirudia hesabu kutoka nyuma: ameambiwa molariti (ukolezi) ya asidi, anakisia ile ya alkali, anaijua milinganyo, pipeti yake ya kupimia alkali ni ya 25, basi anakisia bureti ilipaswa kusimama wapi. Na lipo baya zaidi ya hilo. Mwalimu aliyezidiwa na maandalizi akiamua kuikokotoa thamani badala ya kuitafuta kwa bureti, atakayeadhibiwa ni mwanafunzi aliyepima kweli, kwa sababu myeyusho halisi haukufuata hesabu.

Alama nyingine za jedwali huenda kwa maandishi: nafasi zote zimejazwa, desimali zinalingana, wastani umechukuliwa kwa namba zilizokaribiana. Ni mambo ya msingi, na mtu asiyejua kuyaandika hajaiva. Lakini yote matatu hupatikana bila kufungua koki ya bureti.

Jaribio la sodiamu thayosalfeti na asidi linaonyesha hali hiyo vizuri zaidi. Mwanafunzi anachora alama ya X kwenye karatasi, anaweka kopo juu yake, anachanganya, anahesabu sekunde mpaka salfa inayojitenga iifunike X. Kasi ya mmenyuko hubadilika sana na joto, kwa makadirio ya kawaida huongezeka kama mara mbili kwa kila nyuzi 10. Kwa hiyo sekunde za Dar es Salaam mchana wa Novemba haziwezi kuwa sekunde za Makete, kwenye baridi ya milimani, asubuhi, na zote ni sahihi. Tena ni jicho la nani lililoamua kwamba X imepotea? Hapa grafu yenye nukta zilizopinda kidogo ndiyo yenye dalili ya ukweli. Ile iliyonyooka kama rula inastahili maswali.

Uchambuzi wa chumvi una ugonjwa wake. NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, imekuwa ikiruhusu mtahiniwa wa kidato cha nne kuingia na kijitabu cha mwongozo baada ya msimamizi kukikagua, na nia ni njema: hapimwi kumbukumbu, anapimwa uangalizi. Kinachotokea ni kwamba akiona unga wa bluu anaamua ni shaba, kisha anajaza safu ya uangalizi kwa sentensi za kijitabu, pamoja na litmasi ambayo hakuisogeza kwenye mdomo wa testi tyubu. Sipendi kumcheka. Ripoti inaandikwa kwa Kiingereza, lugha anayoihangaikia darasani, na sentensi iliyokwisha tengenezwa ndiyo inayomvusha. Ukiondoa muundo wa safu tatu (jaribio, uangalizi, hitimisho) kwa jina la ubunifu, wa kwanza kuumia ni huyu.

Wapo wanaosema basi tuondoe mtihani wa vitendo. Uingereza ilifanya jambo la karibu na hilo: katika GCSE mpya za sayansi, mitihani ya wanafunzi wa miaka 16, zilizoanza kufundishwa 2016, kazi ya maabara haichangii gredi moja kwa moja, bali angalau asilimia 15 ya alama za mitihani ya maandishi hutoka kwenye maswali yanayohusu vitendo. Upishi wa data unakosa faida. Ila Tanzania tuliwahi kuwa na karatasi mbadala kwa shule zisizo na maabara, na tunajua ilizaa nini: watoto waliojibu maswali ya bureti ya kuchorwa. Agizo la Rais Jakaya Kikwete la mwaka 2012, maabara tatu kwa kila sekondari ya kata, lilikuja na michango iliyowauma wazazi wengi. Mtihani ukiondolewa, nahofia majengo yale yatakuwa stoo za madawati mabovu. Kisichotahiniwa kwetu hakifundishwi, tupende tusipende.

Kwa hiyo mtihani ubaki, na muundo wa ripoti ubaki. Ningehamisha alama chache tu. Taitresheni ya pili ianzie pale ya kwanza ilipoishia, 24.60 hadi 49.10 kwa mfano: bureti ya 50 inatosha, muda wa kujaza unaokolewa, na kupika kunahitaji angalau hesabu. Namba iliyokosewa ikatwe kwa mstari mmoja, isifutwe, na isipunguziwe alama kwa uchafu. Swali moja limtake mtahiniwa aeleze tofauti kati ya namba zake mwenyewe, si vyanzo vya makosa kwa ujumla, kwa sababu orodha ya jumla itakaririwa ndani ya miaka miwili.

Darasani, kabla ya mtihani wowote, kila benchi liandike matokeo yake ubaoni na darasa lijadili kwa nini yametawanyika. Hilo linakula vipindi viwili, na mwalimu wa kidato cha nne mwenye wanafunzi wengi na bureti sita ana sababu za kukataa. Sina jibu la bureti sita. Ninachojua ni kwamba anayekataa bado atazitumia jioni zake kusahihisha majedwali ya 24.50.