Fizikia ya kidato cha kwanza: kizio kisisubiri, kanuni za tarakimu zisubiri

Katika ufundishaji wa fizikia kuna mvutano usioisha. Upande mmoja unataka mwanafunzi wa kidato cha kwanza ahesabu tarakimu muhimu, yaani zile zinazobeba usahihi wa kipimo, tangu mada ya vipimo, na jibu lenye tarakimu zilizozidi likatwe alama. Upande wa pili unasema mtoto huyo ametoka shule ya msingi juzi, lugha ya kujifunzia imebadilika, na sasa anatwishwa kanuni za sifuri: ya mbele haihesabiwi, ya katikati inahesabiwa, ya mwisho inategemea nukta iko wapi. Ajifunze kupima kwanza, kanuni atazikuta kidato cha tatu.

Hoja zipo pande zote mbili. Tatizo ni kwamba kizio (mita, sekunde na kadhalika) na tarakimu vimefungwa katika furushi moja, wakati havina uharaka sawa.

Kizio hakina mjadala mrefu. Mabasi yamewekewa ukomo wa kilomita 80 kwa saa. Mwanafunzi aliyekariri 3.6 ya kugeuza km/h kuwa m/s bila kujua kama anagawa au anazidisha ataandika 288 m/s, na basi lake litakuwa linakaribia mwendo wa sauti hewani, ambao ni kama 340 m/s. Anayebeba vizio katika kila mstari hapotei hivyo: 80 km/h × 1000 m/km ÷ 3600 s/h. Km inakatana na km, h na h, inabaki m/s, na jibu ni 22 m/s. Akigeuza juu chini, vizio vyenyewe vinagoma kukatana.

Wapo wanaopendelea kugeuza kila kitu kuwa mita, kilogramu na sekunde kabla ya kugusa fomula. Ni njia ya haraka, na kwenye mtihani inaokoa dakika. Udhaifu wake hujificha kwenye eneo na ujazo. Chukua jiwe la itale kama yale ya vilima vya Iringa: tungamo 67.5 g, na maji kwenye silinda ya kupimia yamepanda kutoka 40 hadi 65 cm³. Densiti, yaani tungamo kugawa kwa ujazo, ni 2.7 g/cm³. Mwanafunzi anageuza gramu vizuri, anapata 0.0675 kg. Kisha anachukua 25 cm³ na kuigawa kwa 100, kwa kuwa mita moja ina sentimita 100, anapata 0.25 m³. Densiti yake inakuwa 0.27 kg/m³. Hewa ya Iringa ina takriban kilo moja kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo jiwe hilo lingepaa. Sentimita zilikuwa tatu, akageuza moja. Akiandika cm × cm × cm na kugawa kwa 100 mara tatu, kigawanyo kinakuwa milioni moja na jibu linakuwa 2,700 kg/m³.

Ekari inafundisha mambo yote mawili kwa pamoja, na ajabu haitumiki sana darasani. Shambani ekari ni hatua 70 kwa 70, kitabuni ni 4,047 m². Hesabu hizo zinapatana iwapo hatua ina urefu wa 0.91 m hivi. Mwenye hatua ya 0.80 m anapata 56 m × 56 m, yaani 3,136 m², pungufu kwa zaidi ya asilimia 22. Hatua imepungua kwa asilimia 12 tu, lakini upungufu huo umeingia mara mbili. Mtoto wa mkulima analiona hilo bila kanuni yoyote, na anaona pia kwamba kuandika 4,046.86 m² kwa shamba lililopimwa kwa miguu ni kudai usahihi ambao haupo.

Sasa pendulamu, kitu kizito kinachobembea kwenye uzi, inayotumika kupima g, mchapuko wa mvutano wa dunia. Uzi wa 50.0 cm, mizunguko 20 kwa sekunde 28.4, kwa hiyo T, muda wa mzunguko mmoja, ni 1.42 s. Kikokotoo kinatoa g = 9.78933188. Saa inaonyesha hadi sehemu ya mia ya sekunde, lakini kidole kinaweza kuwahi au kuchelewa kwa sekunde 0.2. Hiyo ni asilimia 0.7 ya 28.4, na kwa kuwa T inazidishwa kwa yenyewe katika fomula ya g, inakuwa asilimia 1.4. Kwenye g ni kama 0.14, basi jibu la haki ni 9.8 m/s².

Lakini angalia aliyeogopa kukatwa alama, akaifupisha T kuwa 1.4 katikati ya kazi. Anapata 10.07. Tarakimu nyingi mno zinadanganya kuhusu usahihi, ila kufupisha mapema kunaharibu jibu lenyewe. Adhabu kali za mapema zinazaa kosa hili la pili, na hapo upande wa wasubirio una nguvu kuliko unavyosikilizwa. Tena kanuni yenyewe ni butu: kwa rula ileile, 9.9 cm ina tarakimu mbili na 10.1 cm ina tatu, ingawa usahihi wake ni karibu sawa.

Wanaodai tarakimu tatu daima watazame pia g. Mbeya ipo karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na g yake ni karibu 9.78. Ile 9.81 ni ya latitudo za Ulaya. Tarakimu mbili, 9.8, zinafaa kote kuwili.

Kwa hiyo kidato cha kwanza: mstari usio na kizio usipewe alama, tangu wiki ya kwanza. Kila chombo kisomwe hadi mgawanyo wake mdogo, na kwa rula yenye alama za milimita, 50 cm na 50.0 cm zisihesabiwe kuwa kitu kimoja. Kwenye kikokotoo tarakimu mbili za ziada zibebwe hadi mstari wa mwisho, ndipo zifupishwe. Kanuni za sifuri zije kidato cha tatu, pendulamu ikiwa mezani. Na kipimajoto kikisimama kwenye nyuzi 94 maji yakiwa yanatokota, iandikwe 94. Kitabu kinasema 100, lakini kwa kanieneo (mgandamizo) ya hewa ya Mbeya maji huchemka hapo.