Cheti au simu mkononi: fundi wa aplikesheni aaminiwe kwa lipi?

Msimu wa korosho ukiwa umechanganya, nilikaa kwenye kibaraza cha chama kimoja cha msingi cha ushirika, nje kidogo ya Mtwara mjini, nikimtazama kijana wa kata ya Chikongola akijaribisha aplikesheni aliyoitengeneza mwenyewe. Karani anaingiza jina la mkulima, daraja la korosho na kilo, kisha simu inatoa jumla. Mtandao ukikata, inaendelea kuandika. Mbele ya mizani akasimama mama mmoja na vifuko viwili vya masalio: kilo 1.1 na kilo 2.2.

"Mjukuu wangu, simu yako imenisomea ngapi?"

Simu ilikuwa imeandika 3.3000000000000003. Mama akacheka, karani akacheka, kijana akaloa jasho.

Nimeanza na kosa hilo kwa sababu limebeba mabishano yote ya cheti na ustadi. Kijana hana diploma wala shahada. Flutter, zana ya kutengenezea aplikesheni, amejifunza kwa video za bure na bando la usiku, kwenye laptopu ya mtumba yenye ramu ya 4GB. Android Studio, programu anayofanyia kazi hiyo, inataka walau 8GB, hivyo kila akiwasha simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, mashine inanguruma kama ya kusaga nafaka. Ikambidi ajaribie kila kitu kwenye simu halisi, tena yenye kioo kilichopasuka. Ndiyo maana maandishi yake ni makubwa, yanasomeka juani, na programu haimli mtu chaji.

Ila desimali zilimshinda. Kompyuta huhifadhi namba kwa mfumo wa mbili, yaani sifuri na moja tu, na desimali nyingi za kawaida haziingii humo kikamilifu, zinakaribiana tu. Aliyepita darasani anafundishwa mapema kwamba uzito unauhifadhi kwa gramu, namba nzima, na fedha vilevile. Wanaodharau shahada wapime hilo. Chini ya stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya mazao ghalani na kuyauza kwa mnada, kilo zikikosewa kwenye chama, kosa linapanda gari hadi ghala kuu, linaingia mnadani, na mwisho linaonekana kwenye akaunti ya mkulima. Hapo hakuna wa kucheka.

Upande wa pili nao una haki yake. Nimewahi kukaa na mhitimu mwenye shahada nzuri ya kompyuta ambaye mradi wake wa mwaka wa mwisho uliishia kwenye ripoti yenye jalada gumu. Programu yenyewe haikuwahi kuingia kwenye simu ya mtu mwingine. Nilipomuuliza ingekuwaje mtumiaji akipigiwa simu katikati ya kujaza fomu, alinitazama kama nimemuuliza habari za mwezini. Desimali anazijua. Watu hajakutana nao.

Waajiri je? Huku kusini mwajiri mkubwa ni serikali, na tangazo la Afisa TEHAMA Daraja la II linataka shahada ya kompyuta au fani inayofanana nayo. Huna, hata barua yako haifiki mezani, uwe umetengeneza programu kumi. Wengi wanauita huo uonevu. Mimi siuoni hivyo moja kwa moja. Maombi yakimiminika, cheti ndicho kitu ambacho afisa asiyejua kuprogramu anaweza kukihakiki. Msimbo, yaani maandishi yanayounda programu (wengine wanasema kodi, na watoza ushuru wa TRA wanasikia), hawezi kuusoma. Tatizo ni pale mwenye hoteli au mwenye ghala, asiyebanwa na muundo wa utumishi, anapoiga masharti yaleyale kwa kazi ya miezi mitatu.

Kwa hao, ushahidi mwingine upo. Akaunti ya kuweka programu zako Google Play ni dola 25, unalipa mara moja. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka, na bado utahitaji kompyuta ya Mac, kwa hiyo kwa anayeanzia Chikongola hilo tuliache. Tangu Novemba 2023, mwenye akaunti mpya ya binafsi lazima kwanza apate watu 20 wa kuijaribu programu yake kwa siku 14 mfululizo ndipo aombe kuiweka hadharani. Desemba 2024 Google ikawapunguza hadi 12. Vijana wanalilalamikia sharti hili, nami naliona bora kuliko nusu ya vyeti vya mtandaoni ninavyoonyeshwa. Kuwabembeleza watu 12 wabaki na programu yako wiki mbili, ukisikia "mbona inaganda", ni shule.

Hata hivyo, programu kuwepo Play Store hakuthibitishi nani aliyeiandika. Siku hizi akili mnemba inakuandikia aplikesheni nzuri ya macho jioni moja, na mwenye nayo asijue ndani kuna nini. Historia ya kazi kwenye GitHub, mtandao ambako mafundi huhifadhi misimbo yao, inasaidia kidogo: unaona tarehe, unaona leo alikosea na kesho akarekebisha. Nayo inaghushiwa. Ningekuwa mimi ndiye mwajiri, ningemwachia mwombaji nusu saa na programu yake mwenyewe niliyoiharibu makusudi sehemu moja, nikamwambia aitengeneze huku ananieleza. Aliyenakili atajulikana kabla chai haijapoa, awe na shahada au asiwe nayo.

Kwa kijana mwenye mzazi wa kumlipia ada, nasema akachukue shahada, maana mlango wa serikali haufunguki kwa ustadi peke yake. Ila asisubiri mwaka wa tatu ndipo aweke kitu kwenye simu ya jirani.

Yule wa Chikongola alirudi siku ya tatu, uzito wote ukiwa kwa gramu. Katibu wa chama akamuuliza kwanza, "Mwanangu, cheti kiko wapi?" Hakuwa nacho. Wakakubaliana simu na daftari viende pamoja hadi msimu uishe, na siku vikipishana, daftari ndilo linalosikilizwa.