Terazo ya Bibi na vigae vya picha

Sakafu ya nyumba ya bibi yangu kule Tanga ni ya terazo, yaani vipande vya mawe vilivyogandishwa kwa saruji na kusuguliwa vikang'aa. Adhuhuri ya kaskazi ukijilaza pale mgongo unapoa wenyewe. Sasa ikapata ufa mlangoni mwa jiko, na wajomba wakataka yote ing'olewe, viwekwe vigae. Wakaenda dukani, wakarudi na sampuli: kigae kilichochapwa picha ya terazo! Nilicheka mpaka mjomba mkubwa akanuna.

Terazo tangu asili ni kazi ya mabaki. Mafundi wa Venice waliokota vipande vya marumaru vilivyosalia kwenye majumba ya matajiri, wakavishindilia kwenye sakafu za nyumba zao wenyewe. Nasi Kiswahili chetu kinakiita kigae kile cha sakafuni na kile cha chungu kilichovunjika, kwa jina moja.

Na chungu, sahani au sinki lililovunjika halina pa kwenda. Udongo ukishachomwa haurudi kuwa udongo. Ukiupeleka kwenye tanuri la chupa ndiyo balaa: kioo kinayeyuka, wenyewe unabaki kama changarawe na chupa inatoka na kasoro. Kwenye terazo ndipo vioo na vigae vinakaa pamoja bila ugomvi.

Bila ugomvi sana, niseme. Alkali, ule ukali uliomo kwenye saruji, hula silika, ile asili ya mchanga iliyomo kwenye kioo, ukatokea ute unaokunywa maji na kuvimba, na baada ya miaka sakafu inapasuka. Dawa mojawapo ni kioo chenyewe: sehemu yake isagwe iwe laini kama saruji, ichukue nafasi ya sehemu ya saruji ile. Kikiwa unga hivyo, huituliza ile alkali.

Wauzaji wa kaunta za kisasa za jikoni wanakwepa tatizo hilo kwa kugandisha vioo kwa epoksi, halafu wanakuuzia kwa jina la mazingira. Epoksi ni plastiki itokanayo na mafuta ya petroli. Weka sufuria ya moto juu yake uone. Saruji nayo si malaika, kuichoma kunatoa hewa ukaa nyingi, lakini terazo yake ikichakaa unaisugua upya na maisha yanaendelea. Na chupa ya soda, tafadhali, irudi kwenye kreti. Anayeivunja apate urembo ananiudhi. Zipo za mvinyo zisizorudi popote.

Basi vigae vya duka tukaviacha, fundi akauchimba ule ufa, akauziba kwa saruji nyeupe na vipande vya vyombo, kioo cha kijani kidogo tu. Siku kadhaa baadaye akaja na mashine. Maji yakamwagwa, uji wa kijivu ukatiririka hadi uani, na rangi zikaanza kuchomoza moja moja. Bibi akainama, akagonga kwa fimbo kipande chenye ua la buluu.

"Hiki si kile kibakuli changu mlichosema paka kavunja?"