Lile Sanduku Halikuzaliwa Andalusia

Juzi nilikwenda kuangalia flamenco, ule muziki na uchezaji wa kusini mwa Hispania. Kiingilio kikali, viti vya plastiki, lakini mpiga gitaa alikuwa fundi hasa, nikasamehe. Aliyenichefua ni mshereheshaji. Alimwonyesha kijana aliyekalia sanduku la mbao, akilipiga ubao wa mbele kwa viganja, akatutangazia kwamba ile ni ala ya kale ya Andalusia, jimbo la huko kusini.

Ya kale! Sanduku lile, cajón, liliingia kwenye flamenco miaka ya 1970, mpiga gitaa Mhispania Paco de Lucía alipolikuta Peru mikononi mwa Weusi wa huko. Baba yangu ana redio iliyouzidi umri ukale huo.

Kisha ikafuata hadithi tuliyoizoea ya asili ya flamenco. Waroma, wale waitwao Wajipsi, walitoka India, Waarabu wakaacha sauti zao, Wayahudi wakatia majonzi, pakapikwa, pakaiva. Mwafrika hakutajwa hata kwa bahati mbaya.

Haya, twende Sevilla, mji mkuu wa Andalusia. Mwaka 1565 walihesabiwa watumwa zaidi ya 6,000 katika mji wa watu kama 85,000, na wengi wao walikuwa Weusi. Walikuwa na chama chao cha kidini, kilichoanzishwa karne ya 14 ikielekea ukingoni. Chama kipo hadi leo, na watu bado wanakiita Los Negritos, yaani Weusi Wadogo. Jina limebaki, wenye jina hawaonekani. Ngoma zao nazo zilikuwa na majina: guineo, zarambeque, cumbé. Zarabanda, iliyokwisha kuvuma Amerika, ilipigwa marufuku mwaka 1583 kwa kukosa haya, na baadaye wakubwa wakaicheza kwa mwendo wa pole, wamevaa hariri. Fandango je? Kamusi ya Kihispania ya mwaka 1732 inasema waziwazi kwamba ililetwa na watu waliotoka makoloni ya Amerika. Na tangos, mtindo ambao leo ni nguzo ya flamenco? Kuba ya karne ya 19, tango lilikuwa jina la mkusanyiko wa Weusi wakicheza kwa ngoma zao. Meli za Havana zilitia nanga Cádiz, bandari ya Andalusia. Mnadhani zilishusha sukari peke yake?

Sawa, Waroma. Bila wao hakuna flamenco, na waliteswa: mwaka 1749 serikali iliwakamata maelfu kwa mpigo mmoja, wanaume kando, wanawake kando. Siwapokonyi chao. Na nakiri, shingo upande, kwamba hakuna awezaye kuinyooshea kidole sauti fulani akasema hii hapa ni ya Guinea, Afrika Magharibi. Lakini mbona hoja hiyo ya ushahidi hukumbukwa akitajwa Mweusi tu?

Nikarudi kusikiliza makofi. Kuna yale ya kukunja viganja, yanatoa mlio mzito, na yale ya vidole juu ya kiganja, makali kama kuni zinazopasuka. Wanahesabu kumi na mbili, mkazo unahama, mara tatutatu, mara mbilimbili. Mama aliyekaa kando yangu alipotea kabisa. Mimi mguu ulishajipigia wenyewe. Si ushahidi, najua.

Mwishoni nikamfuata kijana, nikamwuliza kama sanduku lake si la Peru. Akacheka, akasogea, akanipisha nikalie.

"La Weusi wa Peru," akasema. "Yule hajawahi kuniuliza."

Nikalipiga kidogo. Mshereheshaji alikuwa anakunja nyaya.